Kadi Iliyotaja Jina Lake Kwanza

Ukibonyeza swichi, feni ilianza kunguruma, kioo kikatoa mlio mwembamba kama wa mbu, kisha juu kabisa upande wa kushoto yakajitokeza maandishi meupe gizani: RIVA TNT2 Model 64, namba ya toleo, na kiasi cha kumbukumbu, megabaiti 32. Yalikaa sekunde mbili, pengine hata hazikufika. Yalipofutika ndipo kompyuta yenyewe ilipoanza shughuli zake, ikahesabu kumbukumbu, ikatafuta diski, ikatafuta kibodi. Kadi ya grafiksi ilikuwa imeshatangulia kutaja jina lake, na ilistahili kutangulia. Kwenye kioo kompyuta haina mdomo mwingine. Mpaka kadi iamke, hakuna sehemu yoyote ya mashine inayoweza kuandika hata herufi moja kwenye kioo.

Niliyasoma maandishi hayo kwa mara ya kwanza Agosti 2004, nikiwa na miaka 16, katika kibanda cha fundi nyuma ya steji mjini Kitui. Fundi alikuwa akitengeneza redio na simu, na kompyuta zilikuwa zimeanza kumfikia moja moja, zikiletwa na shule na ofisi ndogo. Likizo hiyo nilimfagilia kibanda, nikamshikia tochi, na ujira wangu ulikuwa nusu saa ya gemu jioni, wateja wakishaisha. Tangu hapo nimefanya kazi na kompyuta nyingi, lakini zile sekunde mbili hazijaniacha, na kwa muda mrefu nimejiuliza kwa nini. Picha nzuri kuliko zile nimeziona maelfu. Simu niliyonayo mfukoni inachora vitu ambavyo ile kadi isingevithubutu. Basi ninachokikumbuka ni nini hasa?

Siku moja mashine ile iligoma. Yaani iliwaka, feni ikazunguka, ila kioo kikabaki cheusi na kispika kidogo cha ndani kikaanza kulia: mlio mmoja mrefu, miwili mifupi. Mrefu, mfupi, mfupi. Nilidhani imekufa. Fundi hakuinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa akiichomelea.

"Hiyo inalia kwa sababu haioni," alisema. "Kadi imelegea. Izime, chomoa waya, ufungue kifuniko."

Nilifungua. Alikuja akainama kando yangu, akafungua skrubu moja, akaichomoa kadi polepole kutoka kwenye sloti yake ya rangi ya kahawia, akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa kibao cha kijani chenye ukubwa wa mkono wa mtoto, na kipande cha bati chenye mbavu mbavu katikati cha kupunguza joto. Ukingoni ilikuwa na meno ya rangi ya dhahabu yaliyopangana kama ya kitana, na katikati ya meno hayo vumbi jekundu la Kitui lilikuwa limejibana kama unga kwenye kinu. "Una kifutio?" aliniuliza. Nilikuwa nacho kwenye kijaluba changu cha jometri. Akayasugua meno yale taratibu, upande huu na upande ule, kama mwanafunzi anayefuta jibu la hesabu alilokosea, hadi yakang'aa. Akapuliza. Akairudisha kadi, akaikandamiza kwa vidole gumba vyote viwili mpaka ikasema tak.

Tukawasha. Maandishi meupe yakarudi pale pale pembeni.

"Umeona?" fundi alisema. "Ikitaja jina, iko hai."

Nadhani hakukusudia zaidi ya kunifundisha kazi. Lakini sentensi ile imenifikirisha kuliko mambo mengi niliyoyasoma baadaye vyuoni.

Kadi ile haikuwa ya Kitui. Ndani ya kasha la kompyuta kulikuwa na kibandiko cha ofisi moja ya Uingereza, nusu yake imebanduliwa. Miaka hiyo kompyuta zilizostaafu maofisini huko Ulaya zilikuwa zikija Kenya kwa makontena. Nyingine ziliingizwa na wafanyabiashara wa mitumba, nyingine na mashirika ya hisani. Hapa nyumbani Computers for Schools Kenya ilianza mwaka 2002 kuzikusanya kompyuta za namna hiyo, kuzikarabati na kuzipeleka mashuleni. Kontena lilishuka Mombasa, likapanda Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud, yaani likaikata Makueni toka mwanzo hadi mwisho likiwa limefungwa makufuli. Lilifunguliwa Nairobi. Huko kilichomo kilichambuliwa na kuuzwa, na kilichobaki ndicho kilichoturudia kwa barabara ya Machakos, kikapita Masii na Wamunyu, kikafika Kwa Vonza na hatimaye Kitui.

Stima nayo tuliizoea kwa mwendo huohuo. Bwawa la Kiambere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1988, liko juu ya mto Tana, mpakani mwa Kitui na Embu. Kutoka hapo nyaya za msongo mkubwa zilichukua umeme hadi Rabai karibu na Mombasa, zikipita juu ya nyumba za watu wa Kitui waliokuwa wakisoma kwa taa ya koroboi. Mwaka 2000, ukame ulipoyakausha mabwawa na nchi nzima ikagawiwa stima kwa zamu, watu wa mijini walilalamika sana. Vijijini kwetu wengi hawakuona tofauti. Nasema haya bila uchungu. Ninataka tu ieleweke kwamba tuliokulia huko tulijifunza mapema kuwa kitu kinaweza kukupita kikiwa kipya na kukurudia kikiwa kimetumika, na hilo halikizuii kuwa chako.

Hata wakati ulitufikia hivyo. Kadi ya TNT2 ilitoka mwaka 1999, na hii yetu, Model 64, ilikuwa ndugu yake mdogo aliyenyimwa nusu ya njia ya kupitishia data, biti 64 badala ya 128. Oktoba ya mwaka huohuo Nvidia ilitoa GeForce 256 na kuizika TNT2 kwa mikono yake yenyewe. Kampuni hiyo ilikuwa imejiwekea mwendo wa kutoa kitu kipya kila baada ya miezi 6 hivi. Mimi nilipoishika TNT2 kwa mara ya kwanza, 2004, nikiiona mpya kama ndama aliyezaliwa leo, hata sloti ya AGP ilimochomekwa ilikuwa imeshaanza kutupwa, maana mwaka huo ndipo PCI Express ilipoingia sokoni. Na Voodoo! Gemu nyingi za miaka hiyo zilikuuliza mwanzoni kama utatumia Direct3D au Glide, lugha ya kadi za Voodoo za kampuni ya 3dfx. Sisi vijana wa kibandani tuliiongelea Voodoo kama jirani tajiri ambaye siku moja angetutembelea. Tulikuwa hatujui kwamba 3dfx, iliyoanzishwa 1994 na kuushangaza ulimwengu mwaka 1996 kwa kadi ya megabaiti 4 tu, ilikwisha kukubali kuuza mali zake kwa Nvidia Desemba 2000. Jina lilitufikia baada ya mwenye jina kuondoka.

Wakati na majina vinanipeleka Mulango, ambayo haiko mbali na mji wa Kitui. Huko ndiko alikozaliwa John Mbiti mwaka 1931. Alisoma shule ya Alliance na chuo cha Makerere, akapata uzamivu Cambridge mwaka 1963, akarudi Makerere kufundisha, na mwaka 1969 akatoa kitabu chake African Religions and Philosophy, ambacho hadi leo huwezi kukikwepa ukisoma falsafa ya Kiafrika. Jambo linalonigusa kila nikikifungua ni hili: alipotafuta maneno ya kuueleza wakati, alichukua mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayaacha hivyohivyo katikati ya Kiingereza chake.

Hoja yake aliijenga juu ya nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Kwa Mbiti, wakati hauendi mbele. Unarudi nyuma. Jambo hutokea katika Sasa, likaishi humo, kisha likazama taratibu katika Zamani, bahari ile kubwa inayopokea kila kitu. Mtu naye akifa hazami siku hiyohiyo. Maadamu yupo aliyemjua akiwa hai na anayeweza kumtaja kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, bado ni wa Sasa, bado ni mwenyeji wa nyumba. Anapokufa yule wa mwisho aliyemfahamu, ndipo naye anapokwenda. Kwetu Ukambani mtoto hupewa jina la babu yake au nyanya yake, na mimi mwenyewe nimebeba jina la mzee ambaye sikumkuta. Naitwa, na yeye anaitwa.

Mbiti alidai pia kwamba katika fikra za jadi wakati ujao ni mfupi mno, miezi kadhaa, au miaka miwili ukiuvuta sana. Hapo alipingwa na wengi, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana aliyetumia mfano wa Waakani, na mimi niko na wanaompinga. Kitui na Makueni zimejaa mabwawa ya mchanga, kuta za saruji na mawe zilizojengwa kukinga mito ya msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta msimu baada ya msimu, na maji hujificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Watu waliobeba mawe hayo kichwani walijua wasingekunywa maji hayo kesho. Huwezi kuwaambia kwamba hawakuona mbele.

Lakini kuhusu majina, mzee wa Mulango aliona sawasawa. Na ndipo sentensi ya fundi inaponirudia: ikitaja jina, iko hai. Kiwandani kitu hupimwa kwa kile kinachokuja kukiondoa. Kwa kipimo hicho kadi yetu ilikuwa maiti kabla kontena halijafika bandari ya Kilindini. Kibandani kwa fundi ilikuwa na kipimo kingine. Ilikuwa na mtu aliyejua meno yake yanasuguliwaje, na vijana watano au sita waliojua jina lake lote, pamoja na namba, kama wanavyojulikana wachezaji wa Harambee Stars. Ilikuwa ya Sasa.

Kiswahili kimetupa neno moja, kumbukumbu, kwa kile kilicho kichwani mwa mtu na kile kilicho ndani ya kadi. Wengine huona huo ni upungufu wa lugha. Mimi naona lugha imegundua kitu. Kumbukumbu ya kadi ni mamilioni ya vijitundu vya kutunzia umeme, na kila kijitundu kinavuja. Ikiisha milisekunde 64 hivi lazima kila kimoja kiwe kimesomwa na kujazwa upya, la sivyo kinasahau. Na picha yenyewe haikuwahi kutulia. Tulipopunguza ukubwa wake hadi nukta 640 kwa 480 ili gemu iende, kila picha ilikuwa nukta 307,200, na kioo kikiandikwa mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 18 katika sekunde moja, zinaandikwa, zinafutwa, zinaandikwa tena. Mama aliwahi kupita kibandani kunichukua, akasogea karibu na kioo, akaona jinsi mstari wa barabara ulivyokwenda kwa ngazi ngazi, akasema, "Hii imesukwa." Yeye alikuwa msusi wa viondo. Alikuwa sahihi, ila kiondo hiki kilifumuliwa na kusukwa upya mara 60 kila moyo wako ulipodunda.

Stima ilipopotea, na katika Kitui ya siku hizo ilipotea mara kwa mara, megabaiti 32 zote zilikuwa tupu kabla hujainuka kwenye benchi. Kadi haikukumbuka gari ulilokuwa ukiendesha wala mtaa uliokuwa umefika. Iliporudi stima ilitaja tena jina lake, kama mtu aliyeamka leo. Aliyekumbuka ni aliyekuwa ameketi mbele yake. Na sisi nasi hatuko mbali sana na vile vijitundu. Jina la nyanya yangu lisipotajwa mezani Krismasi hii na ile, watoto wangu hawatakuwa nalo. Hakuna kumbukumbu inayokaa tu. Inajazwa au inavuja.

Hapo ndipo ningekuwa nimeishia miaka michache iliyopita, na ningeona nimesema la maana. Lakini kuna jambo lilinitokea, na siwezi kuandika juu ya kadi ile bila kulisema.

Kwanza niueleze ukungu. Kadi za zamani hazikuweza kuchora mbali. Kila kilima, kila nyumba, kila mtu katika gemu ni pembetatu zilizounganishwa, na kadi ina idadi ya pembetatu inazoweza kuzimudu kabla picha haijaanza kukwamakwama. Kwa hiyo waundaji wa gemu walikata dunia kwa umbali fulani, na ili milima isije ikachomoza ghafla mbele ya macho yako, walifunika mwisho huo kwa ukungu wenye rangi ya anga. Katika Grand Theft Auto: Vice City, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2003, kulikuwa na kitelezi cha kuchagua uone umbali gani. Gemu hiyo ilidai kadi ya megabaiti 32 kwa uchache, nasi tulikuwa nazo 32 kamili, bila akiba. Fundi alitufundisha kukivuta kitelezi hadi mwisho wa kushoto. "Punguza kuona mbali," alisema, "gemu itakimbia." Tulipunguza. Tukaendesha magari kando ya bahari, mitende ikitoka kwenye weupe mmoja mmoja, na nyuma yetu ikirudi kwenye weupe.

Nilikuwa naujua ukungu. Nyanya yangu mzaa mama alikaa vilima vya Mbooni, Makueni, na kule mwezi wa Julai asubuhi unafungua mlango na kuona tuta la kwanza la shamba, na la pili nusu, na baada ya hapo hakuna kitu. Unasikia tu. Njuga ya ng'ombe, mtu akikohoa, jembe likigonga jiwe. Ukungu wa Mbooni unakificha kitu kilichopo. Ukungu wa kadi hauna kitu nyuma yake. Nyumba iliyo nyuma ya ukungu wa gemu haijachorwa bado, haipo popote, na ukigeuza gari inatoweka tena. Nilipokuwa kijana tofauti hiyo ilinifurahisha kama fumbo. Leo inanitisha kidogo, kwa sababu nimegundua kumbukumbu yangu mwenyewe inafanya kazi kama ile kadi.

Kibanda nakikumbuka kwa ukaribu wa kutisha. Meno ya dhahabu, vumbi jekundu, tak ya sloti. Hatua 20 nje ya mlango wa kibanda, ukungu. Na mimi miaka yote hiyo niliamini kwamba nyuma ya ukungu huo hapakuwa na kitu.

Dada yangu ni muuguzi Makueni. Mwaka jana nilimtembelea mjini Wote, na baada ya chakula, tukiwa tunamenya maembe uani, nikamwuliza kama anaikumbuka ile kompyuta ya fundi.

"Naikumbuka," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuja kukuita."

Ndiyo, alikuja kuniita, akitumwa na mama, mwaitu kwa Kikamba chetu. Jioni, baada ya maji. Agosti Kitui ni kiangazi, mabomba yalikuwa makavu, na yeye, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia na hana karo ya kwenda mbele, alikuwa akiteremka mto Nzeeu na mtungi wa lita 20, akichimba mchanga wa mtoni, akingoja maji yajikusanye, akichota kwa kikombe. Nusu saa yangu ya gemu ilikuwa foleni yake. Nilikuwa nimelifuta hilo kabisa. Sikulificha. Halikuwa limechorwa.

"Siku moja nilifika," aliendelea, "nikakuambia, 'Mwaitu anakuita,' ukasema ningoje. Nikasimama mlangoni. Kulikuwa na bahari kwenye kioo. Mimi bahari sikuwa nimewahi kuiona. Nikakuuliza kama maji hayo yote ni ya chumvi."

"Nilisema nini?"

"Ulisema, 'Nyamaza, nitagonga.'"

Nilimwomba msamaha, akacheka, akasema ni mambo ya utoto. Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Alisema aliendelea kusimama pale kwa sababu ya mawimbi. Aliyaangalia akaona kuna wimbi moja lenye doa jeupe kama ulimi, na lile lile lilikuwa pale, na pale, na pale tena, kwa umbali ulio sawa. "Ilikuwa picha moja ndogo imepangwa pangwa," alisema. "Nilihesabu, kama mwaitu anavyohesabu nyuzi za kiondo. Nikasema aliyetengeneza hii bahari amesuka kipande kimoja tu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kadi yenye kumbukumbu haba haiwezi kubeba bahari nzima. Inabeba kipande kimoja kidogo cha maji na kukirudia hadi upeo wa macho. Mimi niliketi mbele ya kioo kile likizo nzima, nikiwa na jina la kadi, na toleo lake, na megabaiti zake, na sikuliona hilo. Yeye aliliona kwa dakika tano, amesimama mlangoni, maji yakimdondokea mgongoni. Tulikuwa na fundi mmoja kibandani, na mwanafunzi bora wa grafiksi aliyewahi kufika pale hakuwahi kupewa kiti.

Kwa hiyo sasa najua ninachokikumbuka, na najua kwa nini nilikuwa nakosea kukiita furaha tu. Ninakumbuka mwanga mdogo uliomulika karibu. Wenzangu wa umri wangu wakikutana Nairobi na kuanza kuzitaja kadi zile, Riva, Voodoo, Rage, Savage, nyuso zetu zinafunguka, na hakuna ubaya katika hilo. Majina hayo tukiacha kuyataja yatazama, na pamoja nayo itazama mikono ya mafundi waliozihuisha. Lakini anayekumbuka lazima amwulize aliyekuwa mlangoni. Bila hivyo anakuwa amevuta kitelezi hadi mwisho wa kushoto ili kumbukumbu yake ikimbie vizuri.

Nvidia ile iliyoizika TNT2 ndani ya miezi michache, mwaka 2024 ilipanda na kwa muda ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote katika masoko ya hisa duniani, kwa sababu hesabu zilezile za kupanga pembetatu zimeonekana kufaa kwa akili bandia. Vijana wanaosoma kompyuta leo katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, wanaizungumzia kama tulivyoizungumzia Voodoo. Mashine zao ni nzuri. Ukiziwasha huoni jina la kadi, unaona nembo ya kampuni iliyouza kompyuta, kisha moja kwa moja dirisha la kuingilia. Kadi inafanya kazi yake chinichini, bila kusema ni nani.

Ya kwangu ninayo. Fundi alipofunga kibanda aliniuzia kwa shilingi 200, nayo iko Wote kwa dada, ndani ya kiondo alichosuka mama, imefungwa kwa gazeti. Hakuna mazabodi mpya yenye sloti yake.

Sasa nina neno kwa walimu wakuu wa Kitui na Makueni. Wengi wenu mna stoo nyuma ya maabara, na ndani yake zimelundikana kompyuta za miaka ile, zile nene za rangi ya maziwa yaliyochacha, mnangoja mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mizani. Uzeni, nafasi ni finyu. Ila kabla ya siku hiyo zitoeni mbili tatu, mziweke juu ya dawati kivulini, muwaite wanafunzi wazifungue na kuzitazama ndani. Chomoeni kadi, isafisheni, irudisheni, muwashe, wasome jina linalotokea kwanza pale pembeni juu. Na wasichana waketi mbele. Bisibisi moja na kifutio vinatosha.